TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 21: Nani atawalea?



Leo tumefunga ya 21. Jana usiku tumeingia kumi la mwisho, na alhamdulillah nimeona safu za nyuma zimejaa, na vijana wamekuja na mikeka yao kwa ajili ya itikafu. Allah awakubalie.

Hii namba 21 kila mwaka hunirudisha kwenye jambo lililonipata darasani. Nimewahi kuligusia mara moja kwenye darsa ya akina mama, lakini sikulimaliza, kwa sababu niliona aibu. Leo nitalimaliza. Ndani yake mna swali ambalo kila mmoja wetu ataulizwa: ukianzisha uhai, hata kwa nia njema kabisa, jukumu lako linaishia wapi?

Kama mjuavyo, mchana mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na darasa la tatu, watoto 52. Tulipofika kwenye somo la viumbe hai nikasema, mwaka huu sichori yai ubaoni. Mwaka huu watoto wataona kifaranga akitoka kwenye yai kwa macho yao, wamjue Muumba wao kupitia kazi yake. Nia ilikuwa njema, na mpaka leo sijutii nia.

Mzazi mmoja, fundi umeme, alitutengenezea mashine ya kutotolea: boksi la mbao, balbu mbili, kipimajoto, na sahani ya maji ya kuleta unyevu. Jirani mwenye kuku wa kienyeji akatupa mayai 24. Niliwaeleza watoto kwamba yai la kuku asiyekaa na jogoo halitoi kifaranga hata ukiliweka mwaka mzima. Tukaweka joto kwenye nyuzi 37 na nusu. Kila siku tuliyageuza mayai mara tatu, asubuhi, mchana na jioni, kama mama kuku anavyoyageuza kwa mdomo akiwa ameatamia, ili kijusi kisigande upande mmoja wa ganda.

Ukutani tulibandika karatasi kubwa yenye vyumba 21. Kila siku mtoto mmoja alitia alama. Siku za wikendi tulikuwa na zamu: Jumamosi yangu, Jumapili ya mlinzi. Umeme ukikatika tulijua la kufanya: blanketi juu ya boksi, na chupa za maji ya moto pembeni. Nakwambia, yale mayai yalilindwa.

Siku ya 7 tulifunga madirisha, tukayamulika kwa tochi moja baada ya jingine. Manne hayakuwa na kitu. Kwenye mengine watoto waliona mishipa myembamba myekundu kama mizizi, na katikati kidoti kinachotikisika. Darasa zima lilinyamaza. Mtoto mmoja akanong'ona, "Subhanallah," na hakuna aliyemfundisha kusema hivyo wakati ule.

Siku ya 18 tukaacha kuyageuza na kuongeza maji. Siku ya 20 tukasikia sauti kutoka ndani ya yai ambalo halijapasuka. Kabla ya kutoka, kifaranga hutoboa kwanza kile kichumba cha hewa kilicho upande mnene wa yai, hapo huvuta pumzi yake ya kwanza na kuanza kulia. Kisha kwa kijino kidogo kilicho juu ya mdomo wake anaanza kugonga ganda. Anagonga, anapumzika, anagonga tena. Inaweza kuchukua siku nzima. Watoto walitaka kumsaidia, kumbandulia ganda. Nikawakataza. Niliwaambia bado kuna mishipa yenye damu, na kiini bado kinaingia tumboni mwake; ukimtoa kabla ya wakati wake unaweza kumuua. Nikatoa na mawaidha mazuri sana juu ya subira. Nayakumbuka mawaidha yale. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika.

Jumatano, siku ya 21, walitoka vifaranga 14. Shule nzima ilikuja. Kila mmoja akapewa jina. Picha zilizunguka kwenye simu za wazazi mpaka nikapokea hongera kutoka kwa watu nisiowajua.

Sasa, ndugu yangu, rudi uitazame ile karatasi ukutani. Ilikuwa na vyumba 21. Hakuna aliyechora chumba cha 22.

Alhamisi niliwahamishia vifaranga kwenye boksi la karatasi lenye maranda, nikawawekea balbu juu. Ijumaa shule ilifungwa mapema, mimi nikakimbilia msikitini kwa ajili ya khutba. Jumamosi nilikuwa na harusi ya ndugu. Nikajisemea, kifaranga anaweza kukaa siku mbili au tatu bila kula, kwa sababu amefyonza kile kiini. Hilo ni kweli, liko kwenye vitabu. Lakini tazameni nafsi inavyofanya kazi: elimu niliyoitumia wiki tatu kuwalinda, siku ile niliitumia kujipa ruhusa ya kuwaacha. Na kuna jambo jingine nililolijua vilevile, sikutaka kulikumbuka. Kifaranga wa siku mbili hawezi kujitunzia joto la mwili wake. Kiini kinampa chakula, joto anapewa na mama.

Zamu ya wikendi haikuwepo tena. Zamu ilikuwa ya mayai.

Ilikuwa masika. Usiku wa Ijumaa umeme ukakatika, mvua ikanyesha mpaka asubuhi. Jumamosi baada ya alasiri nilipofungua darasa, walikuwa wamelaliana kwenye kona moja ya boksi, kila mmoja akitafuta joto chini ya mwenzake. Tisa walikuwa wamekufa. Watano walikuwa hai kwa sababu walikuwa katikati.

Niliwazika wale tisa nyuma ya darasa. Watano nikawachukua nyumbani, mke wangu akawawekea chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kanga. Chupa zile zile tulizokuwa tukiziweka kwenye mayai.

Jumatatu watoto waliingia mbio na kukuta boksi tupu. Nikawaambia, "Vifaranga wote nimewapeleka shamba, huko wana nafasi kubwa." Wakapiga makofi.

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Uongo mbele ya watoto hauna gharama, kwa sababu wao wanatuamini.

Kengele ya mapumziko ilipolia, binti mmoja alibaki. Kwao ni jirani na shule. Akaja mpaka mezani, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi Jumamosi nilikuja na chenga za mahindi. Nilichungulia dirishani. Mbona umesema wote wako shamba?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtoto anayeuliza hesabu ambayo haikutoka sawa.

Nikakumbuka hadithi niliyoisoma nikiwa madrasa, ya Abdullah bin Aamir, Allah awe radhi naye, alipokuwa mdogo. Mama yake alimwita aje ampe kitu, na Mtume (s.a.w.) yupo hapo nyumbani kwao. Mtume akamuuliza yule mama alikusudia kumpa nini. Akajibu, tende. Mtume akamfahamisha kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Tende moja, ndugu zangu! Na mimi nimewaahidi watoto 52 shamba zima.

Siku ya pili niliwakusanya nikawaambia ukweli. Niliwaambia tisa wamekufa, na hawakufa kwa sababu ya umeme wala mvua. Wamekufa kwa sababu mwalimu wenu hakupanga nani atakaa nao. Na jana niliwadanganya, nisameheni. Baadhi walilia. Mmoja akauliza, "Mungu atakuuliza, mwalimu?" Nikamjibu, "Ndiyo, ataniuliza." Sikuwa na jibu jingine.

Nilipomsimulia mwalimu mwenzangu, alicheka kwa wema, hakutaka nihuzunike. Akasema, "Aah, Ustadh, kuku tu hao. Si Idd ikifika utawachinja mwenyewe?"

Neno hili tulichukulie kwa uzito, kwa sababu hata wewe unayesoma pengine umeshalisema moyoni. Kama kuku anachinjwa na kuliwa, na ni halali, kuna ubaya gani wakifa tisa ndani ya boksi?

Jibu nililipata kwenye kitabu tulichokisoma kwa masheikh zetu hapa pwani, Minhaj ya Imam Nawawi, mlango wa matumizi ya lazima. Baada ya kueleza haki ya mke, ya watoto na ya wazazi, kitabu kinafika kwenye haki ya mnyama. Mwenye mnyama ni wajibu kumlisha na kumnywesha. Akikataa, na mnyama ni wa kuliwa, basi analazimishwa achague moja katika matatu: amlishe, amuuze, au amchinje.

Zihesabu hizo njia. Mlishe. Muuze kwa atakayemlisha. Mchinje kwa jina la Allah, kwa kisu kikali, umalize. Ni tatu tu, na kumwacha haimo.

Tofauti iko hapo. Anayechinja amesimama mbele ya kile kiumbe. Anajua anachofanya, ametaja jina la Mola aliyempa ruhusa, na anabeba dhamana ya kitendo chake. Anayeacha hakufanya kitu, na ndiyo maana anadhani hana kosa. Mnamkumbuka yule mwanamke wa paka aliyetajwa katika hadithi sahihi? Adhabu yake haikuwa kwa sababu alimpiga paka wala alimkata kisu. Alimfungia, hakumlisha, na hakumfungulia akajitafutie. Mimi pia nilifunga mlango wa darasa nikaenda kusoma khutba.

Na hilo neno "kuku tu hao", Mtume wetu hakulisema hata kwa ndege wa porini. Imepokewa kwa Abu Dawud kwamba masahaba wakiwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama yake akaja akawa anapapatika juu yao. Mtume (s.a.w.) aliporudi akauliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa wanawe, akaamuru warudishwe. Alimwona ndege kama mama. Na katika Suratul An'am, aya ya 38, Allah anatufahamisha kwamba wanyama na ndege ni umma mbalimbali kama sisi tulivyo umma.

Je, basi ni haramu kuleta vifaranga darasani? Baadhi ya wazazi waliniuliza hivyo, na mmoja alinishauri nirudi kwenye picha za ubaoni. Mimi sisemi ni haramu. Tunayo hadithi ya Abu Umair, mdogo wake Anas bin Malik. Alikuwa mtoto, ana kindege chake cha kuchezea, kikafa. Mtume (s.a.w.), pamoja na mizigo yote ya umma aliyokuwa nayo, alimwona yule mtoto ana huzuni, akamsemesha kwa upole, akamuulizia habari za kindege chake. Wanazuoni wamechukua kwenye hadithi hii kwamba inafaa mtoto kuwa na ndege, madamu halishwi mateso na hanyimwi chakula. Na mimi kama mwalimu nachukua jambo la pili: kifo cha ndege wa mtoto hakikufichwa wala hakikupuuzwa. Kilisemwa.

Kwa hiyo somo linafaa. Kilichokuwa na kasoro ni hesabu yangu ya siku. Mashine inamsaidia mama kuku kwa siku 21, nasi tunadhani kazi imekwisha kwa sababu jambo la kustaajabisha limekwisha. Mtazame mtetea halisi. Siku ya 22 ndiyo kwanza anaanza. Anawafunika kwa mbawa usiku, anawachakurulia ardhi mchana, mwewe akipita anawaita, na hali hiyo inaendelea kwa wiki nyingi mpaka waote manyoya na kujitegemea. Ukimwondoa mama ukaweka balbu, wewe ndiye umekuwa mama. Huwezi kuchukua cheo chake kwa wiki tatu tu.

Wale watano walikua. Kila siku watoto wawili walikuwa na zamu nyumbani kwangu, wanaosha chombo cha maji, wanabadilisha maranda. Tuliwachanja kideri kwa tone la jicho. Watatu walikuwa majogoo, na nikawaambia watoto wazi kwamba majogoo hawa siku moja watachinjwa, hawatakwenda "shamba". Nilidhani watalia. Wakauliza tu, "Nani atachinja? Atasema bismillah?"

Mwaka uliofuata watoto wa darasa jipya waliniomba tutotoe tena. Kabla ya yai hata moja kuingia kwenye mashine tuliandika ubaoni maswali matatu: Nani atawalea? Wapi? Kwa pesa ya nani? Ilituchukua wiki mbili kupata majibu, mpaka mzazi mmoja mwenye banda akakubali kuwapokea, na tukachangishana chakula. Na karatasi ya ukutani tukaibandika upya, yenye vyumba 60. Binti yule, aliyekuwa sasa darasa la nne, alikuja kuiangalia. Alihesabu kwa kidole mpaka mwisho, akaondoka bila kusema kitu. Niliichukua kama msamaha, ingawa sijawahi kumuuliza.

Sasa nakuja kwako, ndugu yangu, dada yangu.

Tuko siku ya 21. Mwezi huu umetotoa mambo mengi ndani yetu. Kuna aliyeacha sigara. Kuna aliyerudi kusema na nduguye baada ya miaka. Kuna aliyeanza kusoma kurasa mbili za Qur'ani kila alfajiri. Kuna waliomchukua yatima wakampa futari na nguo ya Idd, wakapiga naye picha. Hata paka wa hapa msikitini wamenenepa kwa mabaki ya futari zetu, na wameshatuzoea. Haya yote ni viumbe wachanga. Hawajaota manyoya. Bado wanahitaji joto.

Na mimi nakuuliza kama binti yule alivyoniuliza. Idd ikishapita, nani atakaa nao? Yule yatima, Shawwal ikifika, simu yake utapokea? Yule nduguyo uliyempa mkono, utamtembelea mwezi wa Dhulqaada, au ulimfufulia matumaini ili umwache kwenye baridi? Afadhali ambaye hakuahidi kitu kuliko aliyeahidi akaondoka, kwa sababu huyu wa pili amemfundisha mtu kutumaini kisha akafunga mlango.

Sisemi ubebe yote. Kumbuka njia tatu za kitabu. Unaweza kulea mwenyewe. Ukiona huwezi, mkabidhi anayeweza, na hapo hakuna aibu. Kamati yetu ya msikiti ipo, majirani wapo. Na kama jambo ni la kumalizika, basi limalize wazi, mwambie mwenyewe kwa ulimi wako kwamba uwezo wangu umefika hapa. Usiache tu likajifie nyuma ya mlango, kisha Jumatatu ukasema liko shamba.

Kazi ya leo ni ndogo. Baada ya alasiri, kabla ya pilika za futari, chukua karatasi. Andika jambo moja tu ambalo Ramadhani hii imelianzisha mikononi mwako. Chini yake andika: nani, wapi, kwa pesa ya nani. Kama huna jibu, usiku wa leo ni usiku wa kuomba jibu.

Na wewe mwenye mtoto aliyekuuliza jambo karibuni ukamjibu uongo mdogo ili anyamaze, mwite leo. Umwambie ukweli kabla ya magharibi. Utaona uzito wake, na utaona anavyokutazama baadaye.

Ewe Mola wetu, usituhesabie wale tuliowaacha kwa kughafilika, na utujaalie kuwa wachunga wa kweli wa kila ulichokiweka chini ya mikono yetu, kiwe kikubwa au kidogo. Utufikishe Lailatul Qadri, na ututoe katika mwezi huu tukiwa watu wa siku ya 22. Aamin.

Tarawehe leo saa mbili kamili, na qiyamul layl saa tisa usiku. Wenye nafasi waje na maji ya kunywa kwa ajili ya waliokaa itikafu. Na tafadhali, anayeweza kujitolea kuwalisha paka wa msikiti kuanzia Idd mosi na kuendelea, anitumie ujumbe. Nahitaji majina mawili. La kwanza nimeshaandika, ni langu.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.